Niliuza Njiwa Walewale Mara Tatu

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu, njiwa wangu wote wahamie kwa jirani na mimi niote manyoya. Najua wapo wasomaji waliomwandikia mhariri wiki iliyopita, wakidai mbwa kumi na mmoja hawawezi kumkimbiza msoma mita mmoja mpaka juu ya tangi la maji. Wanaweza. Kumi na wawili ndio hawawezi, maana huyo wa kumi na mbili alikuwa amefungwa.

Kwa aliyechelewa: mimi ni msoma mita za umeme mstaafu. Miaka thelathini na moja nimepita nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima wananiita Mzee Mita. Nyuma ya nyumba yangu nina banda la njiwa arobaini. Siwauzi wala siwachinji. Nawatazama tu wakizunguka angani, roho inatulia.

Mwanzoni mwa mwezi alikuja binti yetu mkubwa, mhasibu, yeye ndiye anayetulipia dawa na umeme. Akalizunguka banda kwa hatua, akaandika kwenye simu.

“Baba, hapa panatoka chumba kimoja cha kupangisha. Na choo chake.”

“Na njiwa?”

“Ndiyo nakuuliza wewe. Mpaka mwisho wa mwezi waingize hela. Wasipoingiza, mjenzi anakuja.”

Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa, ningekuwa mstaafu peke yangu mtaani, ningebishana na mwanangu nikashinda. Taabu ni jirani.

Jirani huyu alikuwa mbeba ngazi wangu. Mita nyingine zilifungwa juu ukutani, kwa hiyo mimi nilipanda na yeye alishika. Tulimwita Ngazi. Tulistaafu mwaka mmoja, naye akaanza kupanda maua kwenye makopo ya rangi, eti kujipotezea muda. Kujipotezea muda! Mwaka wa kwanza yalikuwa maua ya kawaida tu, yamesinyaa kama soksi. Halafu miezi mitatu iliyopita, ghafla, yakalipuka. Waridi kubwa kama bakuli. Leo yako benki, yako kwenye kumbi za harusi, yako mapokezi ya hospitali. Amenunua friji ya milango miwili.

Friji yenyewe nimeiona. Haina kitu ndani ila chupa za maji na ndimu moja. Lakini inanguruma kama tajiri.

Na jina la Ngazi limekufa. Siku hizi anaitwa Mzee Maua. Mimi bado Mzee Mita.

“Mzee Maua alianza kama wewe,” binti yangu aliniambia siku ile. “Kipaji ni mtaji, Baba. Kwa nini wewe ucheze tu?”

“Sichezi. Nafuga.”

“Kuku anafugwa. Njiwa asiyeuzwa wala kuliwa huyo ni mgeni.”

Mke wangu alikuwa pembeni akichambua mchele. Hakusema neno. Mke wangu akikaa kimya ni kama mita iliyosimama: ama umeme umekatika, ama kuna mtu anaiba.

Basi nikakaa wiki nzima natangaza njiwa. Hakuna aliyeuliza hata bei. Na kila nikikaa barazani, magari yanasimama kwa Mzee Maua. Yanaondoka yamejaa maua mpaka madirishani, na yeye ananipungia mkono wenye udongo.

“Bosi! Habari za ndege?”

Ananiita bosi mpaka leo. Ndicho kinachoniua. Angekuwa na kiburi ningemchukia kwa raha zangu, lakini kila nikianza kumchukia ananiletea ndizi.

Siku ya nane akanijia fundi viatu wa kona.

“Mzee Mita, kuna mtu anataka njiwa. Jozi moja.”

“Nani?”

“Mtu.”

“Mtu gani?”

“Mzee, unauza njiwa au unahesabu watu?”

Nikauza. Nilimpa jozi ya kijivu, dume na jike, wazuri kupita kiasi. Hela akanilipa palepale, bila kupunguziwa hata senti. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyenilipa kwa kitu nilichokifanya.

“Wanatunzwaje?” akaniuliza.

Hapa, msomaji, naomba usifunge gazeti.

Mfugaji yeyote anajua: njiwa mkubwa ukimnunua unamfungia. Mwezi mzima na zaidi, mpaka atage na kulea hapo kwako, ndipo anapoita kwako nyumbani. Ukimfungua kabla, anarudi alikozaliwa, hata umpeleke ng’ambo ya mto kwenye gunia.

Mimi nikamwambia: “Kesho asubuhi wafungulie, wapunge hewa.”

Nilijua ninachokisema. Nakiri.

Kesho yake saa mbili na robo walikuwa juu ya paa langu, wametanua vifua kama watu waliotoka semina. Nikawaficha kwenye boksi chini ya kitanda. Fundi akaja anahema.

“Mzee, wale wamepotea!”

“Uliwafungulia?”

“Si ulisema wapunge hewa?”

“Nilisema wapunge hewa, sikusema wapunge mkono.”

Akajikuna kichwa. Nikadhani atadai hela yake. Badala yake akaenda, akarudi baada ya saa moja. “Huyo mtu anasema basi, amepata hasara. Anataka jozi nyingine.”

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi kununua kopo la rangi ya viatu, kahawia. Nikampaka dume mabawa na jike mkia, nikawasugua kwa kitambaa mpaka wakang’aa. Fundi akalipa, akawachukua. Baada ya siku nne wakamponyoka tena, nikawakuta kwenye paa langu, rangi imewapauka kidogo kwa umande. Nikarudi kwa fundi kununua kopo la rangi nyeusi. Jozi ya tatu nikaiita ndege wa ukoo wa kifalme, nikapandisha bei.

Hela ya jozi moja niliipeleka kwa mchora vibao. MFUGAJI BINGWA, aandike, herufi nyekundu, na picha ya njiwa. Akakosea akachora kuku. Nikamwambia aache, ilimradi ana mabawa. Nikakisimika mbele ya nyumba, sikukielekeza barabarani kwenye wateja. Nilikielekeza kwenye geti la Mzee Maua.

Naye akaja kunipongeza! “Hongera, bosi. Nimekiona kibao. Kuku mzuri.”

Na binti yangu akipiga simu nilimwambia nini? Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: nimeuza jozi. Mara ya pili nikasema nimeuza tano. Mara ya tatu nikamwambia wateja wamepanga foleni mpaka kwa fundi viatu, na mmoja amezirai kwa jua.

“Unaona sasa, Baba?” akafurahi mpaka nikasikia machozi kwenye simu. “Unaona nilivyokuwa nakwambia?”

Banda limepona, nikajua. Ningelala usingizi mzuri kama si mke wangu.

Zamani nilisafisha banda mwenyewe. Miezi mitatu nyuma akaniambia mgongo wangu umechoka, atasafisha yeye. Nikafurahi kama mjinga. Kila asubuhi anafagia, anajaza kinyesi kwenye gunia, anakwenda jalani kutupa.

Jaa liko hatua themanini kutoka mlangoni kwetu. Nimezihesabu, hesabu ndiyo iliyonilisha. Yeye alikuwa anatumia saa mbili.

Na anarudi anaimba. Mke wangu! Siku ya Jumatano alirudi na waridi limechomekwa kwenye mtandio.

“Hilo ua umelitoa wapi?”

“Limeota.”

“Kichwani?”

“Mzee, kunywa chai. Inapoa.”

Sikunywa. Nilikaa nikilitazama lile ua. Mtaa wetu una waridi za mtu mmoja tu. Nikajaribu kukumbuka lini mimi nilimletea ua. Tumeoana miaka thelathini na minane. Nilikumbuka kumletea balbu.

Friji nilimsamehe Mzee Maua, na jina, na magari pale getini, ingawa nilisamehe kwa shingo upande. Lakini hili la ua sikuweza kulisamehe. Usiku nikawa namsikiliza mke wangu anavyopumua, nasubiri ataje jina la mtu. Alitaja kitu kimoja tu: “Makopo.”

Makopo!

Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi, nikamfuata.

Alibeba gunia begani. Akafika jalani, akalipita. Hakuligeukia hata kwa jicho. Akakata kona, akaingia mlango wa nyuma wa Mzee Maua bila kubisha hodi, kama mtu anaingia kwake.

Nikanyata mpaka kwenye uzio. Mabati, marefu. Sioni. Lakini nikasikia.

Alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha nyumbani. Nyumbani anacheka kwa pua, mara moja, basi. Hiki kilikuwa kile cha kurusha kichwa nyuma, ambacho nilikisikia mara ya mwisho kabla binti yetu hajaanza shule. Nilikuwa nimesahau kwamba anacho.

Na sauti ya Mzee Maua: “Taratibu, mama. Usiibane sana mizizi.”

Mizizi!

Sikungoja zaidi. Nikausukuma mlango kwa bega, nikaingia na kelele.

“Nimewafuma!”

Watu watatu wakanitazama.

Nilitegemea wawili.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya udongo mpaka viwiko. Mzee Maua alikuwa hatua kumi kutoka kwake, ameshika ndoo. Na katikati yao, juu ya kigoda, alikaa fundi viatu. Miguuni mwake kuna tenga. Mkononi ana kitambaa. Na mapajani ana njiwa, nusu mweusi wa kung’aa, nusu wa kijivu.

Alikuwa anamfuta.

Nilikwenda kufumania, nikafumaniwa.

“Kaa chini, Mzee,” mke wangu akasema. “Afadhali umekuja mwenyewe. Tulikuwa tunataka kukuita.”

“Huyo ndege,” nikasema, “ni wa aina inayotoa mafuta.”

“Mafuta yanayonukia rangi ya viatu?” fundi akauliza.

“Ni wa ukoo wa kifalme.”

“Basi mfalme huyu nikimpiga brashi anang’aa kuliko buti la polisi.” Akamgeuza ubawa. “Mzee Mita, harufu hii nimeinusa miaka ishirini. Na uliponunua kopo la kahawia nilijiuliza. Tangu mwaka juzi nakuona na ndara za mpira. Nikasema labda mzee anapaka mkanda. Ukaja tena, nyeusi. Ndara zilezile! Leo asubuhi mvua imenyesha, nimemkuta ndege anachuruzika kwenye tenga.”

Nikatazama chini. Kweli, ndara zilezile.

Mtu akishikwa hujaribu kushika na yeye. Nikampandishia fundi sauti. “Wewe ni dalali tu! Mwenye hela ni nani? Kama ana malalamiko aje alalamike mwenyewe!”

“Mwenye hela ni mimi,” mke wangu akasema.

Fundi akaacha kumfuta njiwa.

“Wewe?”

“Mimi. Jozi ya kwanza, jozi ya pili, jozi ya tatu. Ambazo nasikia ni jozi moja.”

“Wewe... umenunua njiwa kwangu?”

“Nimenunua siku thelathini. Yule mtoto alisema waingize hela, nikaona hakuna anayekuja, unakonda. Nikamtuma fundi. Nilikusudia mwezi ukiisha nikurudishie ndege wako kimya kimya.” Akafuta paji la uso, akaacha alama ya udongo. “Kumbe walikuwa wanarudi wenyewe.”

Mzee Maua alikohoa, akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sitalisahau hilo.

“Na hela ulipata wapi?” nikauliza. “Hapa? Kwa huyu? Ya nini?”

Mke wangu akanyoosha kidole kwenye gunia alilokuja nalo. Pembeni yake kulikuwa na mengine, yamepangwa mpaka kiunoni. Niliyajua yale magunia. Yote yalikuwa yametoka nyumbani kwangu.

“Ni mbolea, bosi,” Mzee Maua akasema taratibu, kama anashika ngazi. “Kinyesi cha njiwa kikishaoza vizuri hakina mpinzani. Mimi nilikuwa naua maua hapa, wewe shahidi. Mama ndiye aliyeniletea gunia la kwanza, akaniambia jaribu. Tangu hapo namlipa kwa gunia.”

Nikayatazama maua. Yale ya benki, yale ya harusi. Waridi kubwa kama bakuli. Miezi mitatu nimekaa barazani nayaonea wivu mpaka chakula hakipiti, na yote yamelishwa na ndege wangu.

“Kwa hiyo ile friji...”

“Tuseme mlango mmoja ni wako,” fundi akasema.

“Kwa nini hukuniambia?” nikamwuliza Mzee Maua.

“Mama alinikataza. Alisema ukijua yanakuja kwangu, utaacha kuwalisha.”

“Ningewalisha mchanga!” nikasema, na katika hadithi hii yote huenda hilo ndilo neno la kweli kuliko yote.

“Unaona?” mke wangu akamwambia Mzee Maua, wala si mimi.

Nikamsogelea. Nilitaka kumwuliza kile kilichonileta, lakini mbele za watu kilionekana kidogo na kichafu. Nikauliza kwa chini: “Na kucheka?”

“Kucheka nini?”

“Unacheka huku. Nimekusikia.”

Akanigeukia. Halafu akanionyesha safu ya makopo kando ya ukuta, kama ishirini hivi, yana miche midogo, mingine majani mawili tu.

“Ile ni yangu. Nimeipanda mwenyewe. Miwili imekufa, mmoja umekataa, mwingine sijui ni ua gani. Hakuna anayeijua. Hakuna aliyeniuliza itaingiza ngapi.” Akasimama, magoti yakalia. “Kama unataka kuona wivu, Mzee, onea hiyo.”

Na mimi, mjinga wa mwisho, nikaionea. Ile miche, kweli. Majani mawili mawili, inapata kile kicheko kila asubuhi.

“Haya,” akasema, akanyoosha kiganja chenye udongo. “Lipa. Jozi tatu.”

Hela nilikuwa natembea nayo mfukoni kwa ajili ya kuipapasa. Nikahesabu mbele ya mbeba ngazi wangu na mbele ya fundi viatu. Jozi ya kwanza. Jozi ya pili. Mfuko ukaisha.

“Na ya tatu?”

“Ya tatu imekwenda kwenye kuku.”

Kabla hajanijibu simu yangu ikalia. Binti yetu.

“Baba! Uko wapi? Niko nyumbani, nimekuletea habari njema mpaka utalia. Njoo na Mama!”

Tulipotokea kwenye kona niliona pikapu mbele ya kibao changu. Nyuma imepangwa matenga matupu, marefu, mengi. Mwanamume mwenye koti la kazi alikuwa kwenye banda langu, anahesabu kwa kidole.

“Huyu ni mfanyabiashara wa ndege,” binti yangu akasema, ananikumbatia. “Amesafiri tangu alfajiri. Nilimweleza vile wateja wanavyopigania njiwa wako, mpaka yule aliyezirai. Anachukua wote. Wote waliobaki! Bei nimekwishapatana naye. Baba, umeweza!”

Njiwa wangu walikuwa kwenye paa, wamejipanga, wananitazama. Nikamtazama mfanyabiashara. Huyo hakuwa mtu wa kuambiwa awafungulie wapunge hewa.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Hakunisukuma. Alisema tu: “Mweleze.”

“Mwanangu,” nikasema. “Mimi ni mwongo.”

“Hilo najua, Baba. Niambie lipi leo.”

Nikamweleza. Jozi moja, mara tatu. Boksi chini ya kitanda. Rangi ya kahawia, rangi nyeusi. Hakuna foleni, hakuna aliyezirai. Mfanyabiashara alisogea kusikiliza, na nilipofika kwenye rangi ya viatu akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa huruma.

Binti yangu hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akamlipa yule mtu mafuta ya safari, akamwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Pikapu ikaondoka na matenga yake matupu yanagongana. Hapo ndipo akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya hasira. Ningependa yangekuwa ya hasira.

“Nilijisifu kazini,” akasema. “Niliwaambia wenzangu, baba yangu ana miaka sitini na sita na ameanzisha kitu. Ofisi nzima.”

Akafunga mkoba.

“Na mnunuzi ni nani? Nani huyo mjinga aliyelipa mara tatu?”

“Mimi,” mke wangu akasema.

“Mama! Wewe hela umepata wapi?”

Hapo, msomaji, mambo yalikuwa mepesi sana. Neno moja tu. Mbolea. Ningesema mbolea, banda lingepona siku ileile. Njiwa wanaingiza hela! Kila siku, hata wakilala! Mhasibu angetoa simu, angepiga hesabu ya gunia kwa gunia, kinyesi kingeshinda chumba cha kupangisha na choo chake. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Nikamwona mke wangu. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alificha mikono yake nyuma, ile mikono yenye udongo, kama mtoto aliyefumwa akilamba sukari.

Nikaona itakavyokuwa. Binti yetu angekwenda kule kwenye makopo. Angeyazunguka kwa hatua. Angeuliza: Mama, hii miche ishirini, itaingiza ngapi?

“Za akiba,” nikasema. “Za kikundi chake. Amedunduliza miaka. Mimi nimezila.”

Mke wangu akanitazama upesi.

“Huo uongo wa ngapi, Baba?” binti yangu akauliza.

“Huo? Huo ni kweli tupu.”

Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akautazama mtandio wa mama yake uliokuwa na jani limenasa. Mhasibu haachi kitu bila kukiona. Lakini akakiacha.

“Basi mjenzi anakuja Jumatatu,” akasema. “Banda sikuulizi wewe tena, neno lako halina uzito. Namwuliza aliyelipa. Mama, mjenzi aje au asije?”

Nikamgeukia mke wangu. Roho yangu yote ilikuwa kwenye mdomo wake.

“Kwanza nimalizie kulipwa,” akasema. “Kuna jozi moja.”

“Sina kitu, mama watoto. Umeona mfuko.”

Akanyoosha kiganja vilevile.

Mkononi nilikuwa na saa. Nilipewa na kampuni siku ya kustaafu, mbele ya wafanyakazi wote, jina langu limechongwa nyuma. Ngazi siku ile walimpa bahasha na kupeana mkono. Nilikuwa naipenda kwa sababu hiyo hasa, nadhani mmekwishanijua.

Nikaivua. Nikaiweka kiganjani mwake, juu ya udongo.

Hakuitia mfukoni. Aliivaa. Ilikuwa inampwaya, akaisogeza mpaka karibu na kiwiko, akainua mkono akaitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

“Jibu la banda nitalitoa nikirudi,” akamwambia binti yetu. Akaokota gunia tupu pale ukutani, akalikung’uta.

“Unakwenda wapi sasa?” nikauliza, na sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyopanga.

“Kuna miche haijamwagiwa maji.”

Akaanza kwenda. Alilipita jaa. Alipofika kwenye kona nikashindwa kujizuia, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia:

“Utarudi saa ngapi?”

Akasimama. Akainua mkono, akaisoma saa yangu taratibu, kama mtu asiye na haraka na maisha. Najua aliiona vizuri, ina tarakimu kubwa.

Akaushusha mkono, akakata kona, na hakunijibu.